Picha ya Kifua kwa Mgonjwa wa Jicho

Mama yangu,

Kamwene. Najua barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako siulizi, ya kwangu nakwambia moja kwa moja: nimechoka. Ni Jumapili mchana hapa Ilomba, Mbeya, nimefua, nimepika, nimekula kidogo, na sasa nimekaa barazani na daftari magotini. Siyo uchovu wa kusimama kutwa wodini, ule nimeshauzoea. Huu unakaa mahali pengine, na kulala hakuuondoi.

Ulipokuwa hapa kwangu uliniuliza swali moja mara tatu, na mara zote tatu nikakujibu neno lilelile. Uliuliza, "Hivi vipimo vyote vya nini, mwanangu?" Nikakujibu, "Ni utaratibu, mama." Ukaliacha, kwa sababu uliniheshimu kama daktari kuliko nilivyostahili. Tangu tukuzike nimekuwa nikilitafuta jibu la kweli. Nimelipata na halinipendezi, ila ni lako. Naliandika wazi ili na wenzangu wa kazini walisome, maana nao wana mama zao.

Nianze na macho yako, kwa kuwa ndiyo yaliyokuleta Mbeya. Tulipokuwa wadogo ulikuwa unasuka vikapu vya nyasi za milulu huku ukituangalia wote watano, na ole wake aliyedhani umezama kwenye kusuka. Kisha ukungu ukaingia. Kwanza ukalaumu taa, halafu ukalaumu moshi wa jikoni, halafu ukalaumu milulu yenyewe kwamba siku hizi inavunwa kabla haijakomaa. Mwaka ule nilipokuja likizo nilikukuta uani unaisalimia kanga ya wifi iliyoanikwa kwenye kamba. "Kamwene. Kamwene." Ilipokataa kujibu ukanung'unika kwamba wake za siku hizi hawana adabu. Wifi mwenyewe alikuwa nyuma yako na beseni, akacheka mpaka akakaa chini, na wewe ulipoelewa ulicheka kuliko sisi sote.

Jioni yake nilikukuta jikoni unalia peke yako. Nilidhani ni vikapu. Ukaniambia vikapu si kitu, vidole vinajua njia. "Nalia kwa sababu nashikwa mkono kwenda chooni," ulisema. "Mtu mzima kama mimi. Mke wa mwanangu anakaa mlangoni ananisubiri nimalize." Hilo ndilo ulilolitaka, mama, na ulilisema wazi: kwenda chooni mwenyewe na kurudi mwenyewe. Hukuomba kingine.

Nikakwambia mtoto wa jicho asikutishe. Mimi nafanya kazi kitengo cha macho, kila wiki naona watu wanaingia wakiongozwa na wanatoka wakitafuta viatu vyao wenyewe. Ganzi kidogo pembeni ya jicho, nusu saa hivi, kesho yake bandeji inafunguliwa. Ukauliza, "Na mimi?" Nikasema na wewe.

Ulikuja kwa basi la asubuhi kutoka Iringa na kiroba cha viazi. Umeleta viazi Mbeya, kunakolimwa viazi, mama. Nilikutania mpaka tunafika nyumbani, ukasema viazi vya huku vina maji. Baridi nayo ukasema haina adabu, ukalala na sweta mbili. Kesho yake daktari bingwa wetu wa macho alikuangalia dakika kumi, akaridhika. Presha nzuri. Sukari nzuri. Hukuwa unakohoa, hukuwa unahema, kijijini ulikuwa bado unapanda kilima kwenda kanisani huku umeshikwa mkono lakini unaongea njia nzima. Bingwa akaniambia, "Huyu mama mwepesi sana. Mlete Jumanne." Hapo ndipo habari ilitakiwa iishie.

Lakini kuna fomu. Fomu ya maandalizi ya upasuaji ni karatasi moja iliyotolewa kopi ya kopi mpaka mistari yake imelala upande. Anayepasuliwa tumbo anapewa ileile anayopewa mtu wa jicho. Ina visanduku vya damu, mkojo, figo, ini, picha ya kifua, kipimo cha moyo. Mimi ndiye ninayeijaza. Ya kwako niliijaza kwa mkono huu unaoandika, nikaweka alama ya vema kila kisanduku, hata sikusoma. Mkono ulienda wenyewe.

Mkono huo ulifundishwa, mama. Nilipokuwa bado mwanafunzi wa kazi, kwenye hospitali nyingine ambayo siitaji, nilimpeleka mgonjwa wa ngiri chumba cha upasuaji bila picha ya kifua. Ngiri ndogo, mtu mzima wa afya, mkulima. Wakamrudisha mlangoni akiwa ameshavaa gauni, na njaa yake ya tangu jana. Kesho yake kwenye kikao cha ripoti ya asubuhi bosi alinisimamisha mbele ya watu wote, akalinyanyua faili langu kwa vidole viwili na kusema, "Faili jepesi kama kichwa cha mwenye nalo." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nisilie. Tangu siku ile mafaili yangu ni manene. Na miaka yote hii sijawahi kuona mtu anasimamishwa kwenye ripoti kwa sababu amepima kupita kiasi. Hakuna anayeuliza kwa nini umepima. Wanauliza kwa nini hukupima.

Basi wagonjwa wengine niliwawekea vema kwa woga. Wewe nilikuwekea kwa upendo, na upendo ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu uliongeza hata visivyokuwa kwenye fomu. Nilijiambia mama yangu sitamfanyia kazi nusu nusu. Wenzangu nao walitaka kunionyesha heshima. "Mama wa dokta huyu, tumwangalie vizuri." Wa maabara akaongeza kipimo cha mafuta ya damu. Wa kipimo cha moyo akakirudia mara mbili. Ukazungushwa korido nzima umenishika kiwiko, kila dirisha wanakukaribisha kwa unyenyekevu halafu wanakutoboa. Mchana ukakaa kwenye benchi, ukavuta mkono wa sweta juu ya pamba uliyobandikwa, ukasema kwa upole, "Mimi nimekuja na jicho, mwanangu. Mbona mnaniuliza kifua?" Nami nikakujibu lile neno langu.

Picha ikarudi na doa. Upande wa kulia, juu, doa jeupe la ukubwa wa punje ya maharage. Nilipokwambia hukushtuka hata kidogo. Ukasema, "Hilo nalijua. Nililazwa hospitali ya Tosamaganga nikiwa msichana, kabla baba yenu hajaleta posa. Kifua kikuu. Nilichomwa sindano miezi na miezi, nikawa siwezi kukaa, nalalia ubavu. Nilipopona sista akaniambia humo ndani litabaki kovu kama la goti." Uliyasema hayo ukiwa umetulia kabisa, na yalikuwa kweli tupu. Jibu lilikuwa limekaa mbele yangu limevaa sweta mbili. Tatizo ni kwamba jibu hilo halikuwa na muhuri. Nikakwambia, "Mama, lazima tuhakikishe."

Jina lako likatolewa kwenye orodha ya Jumanne. Ukatakiwa kutoa makohozi asubuhi tatu, na wewe huna kikohozi. Ilibidi usimame uani kwangu na kikopo ujikohoze, majirani wakadhani umeugua. Yakatoka safi. Picha ikapigwa tena, doa lilikuwa palepale. Ikatakiwa isomwe na bingwa wa kifua, na bingwa huyo alikuwa na foleni ya wagonjwa wanaokohoa kweli. Tukasubiri. Jumanne ya pili ikapita, na ya tatu. Ulinimenyea viazi kwa kupapasa, ukanisikilizia redio na kunisimulia habari nikirudi kazini, na kila jioni ukauliza kama karatasi zimerudi. Siku uliposikia mvua zimeanza Iringa ukafunga kiroba chako. Nikakusihi ukae. Ukaniambia, "Niache nikapande, hata kama nashika mbegu tu. Karatasi zikiiva utaniita."

Ziliiva siku ya Alhamisi. Bingwa wa kifua aliandika mistari miwili: kovu la zamani la kifua kikuu kilichopona, hakuna kizuizi cha upasuaji. Kovu kama la goti. Nilitoka nje ya jengo nikampigia kaka kijijini nimwambie akupakie kwenye basi la kesho. Kaka akapokea, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Nilikuwa nakutafuta. Mama ameanguka."

Nimejua baadaye ilivyokuwa. Asubuhi, mvua imenyesha, udongo unateleza, wifi kawahi shamba kupanda. Alikuacha na chai na akakuomba umsubiri. Hukutaka kumsubiri. Walikukuta katikati ya jikoni na choo, nyonga imevunjika, hukupiga hata kelele. Baada ya hapo ni kitanda tu, mama, wiki baada ya wiki, na kile kifua tulichokitilia shaka kikiwa kizima kikaja kuugua kweli kwa kulala chali. Nilikuwa karibu nawe. Sirudii habari hizo, unazijua.

Msibani watu walisema ni mipango ya Mungu, nami nikaitikia. Wewe sitakwambia hivyo. Utelezi ni utelezi, na mtu anayeona huanguka pia. Lakini ungepasuliwa Jumanne ile ya kwanza, ungeliona lile tope kwa macho yako, ukiwa umepona wiki kadhaa kabla ya mvua. Na aliyekutoa kwenye ile Jumanne ni vema niliyoiweka mimi.

Nilirudi kazini nikaendelea kujaza fomu. Sikujua nifanye nini kingine. Halafu asubuhi moja tuko chumba cha chai, mimi na kaka Ambakisye, mtaalamu wetu wa usingizi, Mnyakyusa mpole ambaye hula maandazi mawili kila siku na kila moja husema ni la mwisho. Yeye ndiye anayekaa kichwani pa mgonjwa wakati wa upasuaji. Nikamwuliza, bila ugomvi, kwa sababu tu nilitaka kujua, "Kaka, ile picha ya kifua ya wagonjwa wa jicho, wewe huwa unaangalia nini hasa?"

Akashangaa. "Mimi? Siiangalii, dokta. Ya mtu wa ganzi naifanyia nini? Namwuliza mgonjwa, napima presha, nasikia anavyopumua, basi."

"Sasa kwa nini mnaitaka?"

"Sisi hatuitaki. Tulidhani ninyi wa macho ndio mnaitaka."

Nikamwambia sisi tunapima kwa sababu watu wa usingizi wanarudisha wagonjwa mlangoni. Akaweka andazi chini. Akasema alikuwepo mzee mmoja, aliyemtangulia yeye, huyo kweli alikuwa mkali, alirudisha watu. Alistaafu zamani, yuko Tukuyu analima ndizi. "Mimi sijawahi kumrudisha mtu wa jicho kwa ajili ya picha," akasema. "Hata mmoja, dada yangu."

Nilikwenda mpaka kwa bingwa wa macho nikamwuliza na yeye. Akanijibu, "Si usingizi ndio wanaozitaka?" Nikawauliza manesi wa wodi, ambao huandika "vipimo vyote" kwenye faili hata kabla daktari hajafika. Wakasema wanafanya hivyo ili kutusaidia sisi madaktari tusigombezwe. Mama, tulikuwa tumezunguka meza moja kila mtu anamtengenezea mwenzake chakula ambacho mwenzake hali. Anayekila ni mgonjwa. Ndilo jibu la swali lako. Hivyo vipimo vilikuwa vya mzee aliyestaafu, na vya siku ile niliyochekwa, na vya wenzangu kunionyesha mapenzi. Cha jicho lako hakikuwemo hata kimoja.

Nililisema kwenye ripoti ya asubuhi. Sikukutaja, nilieleza tu kwamba presha, sukari na maswali mazuri vingetosha kwa mtu wa jicho asiye na ugonjwa mwingine. Wakanisikiliza vizuri. Halafu mmoja akauliza, "Na akifia mezani bila vipimo, nani atajibu?" Ndilo swali lililo ndani ya kila mmoja wetu, na mimi nikiwemo. Nilitaka kumwuliza anayefia kijijini akisubiri vipimo anajibiwa na nani. Nililiandika pembeni ya daftari. Wakasema itaundwa kamati. Kamati haijakaa. Fomu ni ileile, na imetolewa kopi nyingine, safari hii mstari wa juu umekatika kabisa.

Sikumlaumu yule aliyeuliza. Siku itafika mgonjwa wangu atapata shida, na mtu atalinyanyua tena faili kwa vidole viwili. Nalijua hilo kila ninapokiacha kisanduku kitupu. Sasa naviacha, mama, kwa wale wagonjwa ninaoruhusiwa kuwaamulia mwenyewe. Siyo ushujaa. Nakiacha, halafu kutwa nzima nakifikiria.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Usangu, Msukuma, familia ya wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Umri wako hivi. Aliletwa na bintiye, mwanamke mkavu aliyezoea kuamrisha. Nilimpima mama yake presha na sukari, nikamsikiliza kifua, nikamwuliza kama anapanda kilima bila kusimama, akasema hana kilima, ana ng'ombe, na ng'ombe hawasubiri. Nikamwandikia Jumanne. Binti akalitazama faili, akalifungua, akalifunga.

"Dokta, mbona mama yangu hamumpimi?" akaniuliza. "Jirani yetu alipimwa mpaka moyo. Au kwa kuwa sisi tumetoka porini?"

Hilo lilinichoma. Nikajua kama mimi ningekuwa yeye ningeuliza vilevile, na kwa ukali zaidi. Kalamu ilikuwa mkononi, na ilikuwa rahisi sana kuweka vema ili mtu huyu aondoke na amani. Badala yake nilivuta kiti nikamweleza habari zako, zote, kuanzia doa mpaka Alhamisi. Sijawahi kumweleza mgonjwa habari zangu. Alinisikiliza akiwa ameshika mkono wa mama yake. Mwisho akasema, "Pole, dokta. Haya, iwe Jumanne."

Jumanne hiyo chai yangu ilipoa kikombeni. Kaka Ambakisye alipita mara mbili kuniambia kila kitu kiko sawa, nami sikumwamini mpaka nilipomwona mama mwenyewe anarudishwa wodini anauliza kama kuna uji.

Jumatano nilimfungua bandeji. Akapepesa, akaangalia dirisha, akaangalia mikono yake pande zote mbili, akamwangalia bintiye na kumwambia kilemba hakimpendezi. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Ndiye wewe dokta?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nilivyokuwa nasikia sauti nilidhani ni msichana. Mbona umechoka hivi, mwanangu?"

Bintiye akaona aibu, akamwomba anyamaze. Mimi nikasema hapana shida, nikamaliza kumwandikia dawa ya matone, nikaenda stoo ya mashuka na kufunga mlango. Kwa sababu mama, hapo ndipo nilipohesabu. Mara ya mwisho wewe kuuona uso wangu vizuri nilikuwa bado nasoma. Wiki zote zile ulizokaa hapa, umenishika kiwiko kila korido, ulikuwa unatembea na binti wa miaka ile. Umezikwa ukimjua huyo. Huyu wa sasa hukuwahi kumwona, na ilikuwa nusu saa tu, Jumanne asubuhi.

Basi ngoja nikueleze mwenyewe, kisha nikuache upumzike. Nina mvi. Zimeanzia juu ya masikio, kama za bibi. Mashavu yamepungua, siyo yale uliyokuwa ukiyabana. Chini ya macho kumeingia weusi ambao hata likizo hauondoki. Meno ni yaleyale. Na nikikaa kimya, wifi ananiambia, nakunja uso upande mmoja kama wewe ulivyokuwa unakunja ukitafuta kasoro kwenye kikapu. Ndivyo nilivyo. Nilitaka uone mwenyewe.

Kitindamimba wako,
Ilomba